Maswali ya anga: zile nyota tatu zilizopangana

Barua za mwezi huu wa Januari karibu zote zinamhusu Jabari, kundinyota lenye nyota tatu katikati. Si ajabu: ukitoka nje saa 3 usiku, anakaribia utosini.

Shikamoo mwalimu. Marehemu babu alikuwa akitazama Kilimia kabla ya kupanda. Ndizo hizo nyota tatu? (Tanga)

Marahaba. Sizo, ila babu hakuwa mbali nazo. Hizo tatu ni mkanda wa Jabari. Fuata mstari wake kuelekea kaskazini-magharibi, ipite Aldebarani yenye wekundu wa kaa la moto, utakuta kichala kidogo cha nyota zilizosongamana. Hicho ndicho Kilimia, na jina limetokana na kulima. Wazee wa pwani wana msemo: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Ukiufuata mstari huohuo upande wa pili, utafika Shira, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku.

Picha zote zinamwonyesha amesimama. Mbona mimi namwona amelala?

Macho yako ni mazima. Picha ndizo zilizochorwa na watu wa kaskazini. Huku kwetu karibu na Ikweta, Jabari huchomoza amelala ubavu, na mkanda wake hupanda kama watu kwenye ngazi: Mintaka mbele, Alnilamu katikati, Alnitaki hufuata dakika 9 hivi baada ya Mintaka. Na hiyo Mintaka huchomoza mashariki kamili na kuzama magharibi kamili, popote ulipo. Dira ya bure hiyo.

Ni kweli ile nyota yake nyekundu imelipuka?

Hapana. Betelgeuse ilififia mwishoni mwa 2019 hadi mapema 2020, watu wakaanza kuiaga. Kumbe ni wingu la vumbi lililotoka kwenye nyota yenyewe na kuikinga. Italipuka siku moja, lakini usikeshe kuingoja: wanaanga wanahesabu kwa makumi ya maelfu ya miaka.

Juni huwa anakwenda wapi?

Yupo, ila yuko upande wa jua, kwa hiyo anapita mchana. Kila siku huchomoza dakika 4 mapema kuliko jana. Agosti, ukiamka alfajiri, chungulia mashariki kabla hakujapambazuka.