Kabla Hujaziba Tundu la Manifodi, Jua Lilikuwa la Kazi Gani

Corolla yangu ya mwaka 1982, ile KE70 yenye injini ya 4K, ilinitesa miezi minne kwa sababu ya sailensi, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta. Asubuhi ikiwaka inapanda yenyewe kana kwamba kuna mtu amekanyaga mafuta. Ikishapata moto inashuka, inapanda, inashuka tena, na nikifika kwenye mzunguko wa Mnara wa Saa hapa Arusha inazimika katikati ya foleni. Nilibadilisha plagi, platini, kondensa na nyaya zote. Kabureta ilifunguliwa mara mbili. Kila fundi aliyeigusa aliongeza mafuta kidogo kwenye skrubu ya mchanganyiko, gari ikatulia siku tatu, kisha yakarudi yale yale.

Ugonjwa haukuwa kwenye kabureta. Ulikuwa chini yake, kwenye manifodi ya kuingizia hewa, lile bomba lenye matawi linalopeleka hewa na mafuta kwenye silinda. Aliyekuwa na gari kabla yangu alifunga manifodi iliyotoka kwenye LiteAce yenye injini ya jamii hiyo hiyo ya K, na manifodi ile ilikuja na vitundu vitatu ambavyo Corolla yangu haina kazi navyo. Viwili ni vibomba vidogo vya kuchomekea mpira, na cha tatu ni tundu lenye nyuzi. Kibomba kimoja kilivishwa kofia ya mpira, kingine kikachomekwa kipande cha mpira chenye bolti ndani yake, na lile tundu likashindiliwa bolti ya 10 na kupakwa silikoni. Ukiangalia kwa juu unasema vyote vimezibwa. Nilipoivuta ile kofia ya mpira ilivunjika mkononi kama ganda la karanga. Upande wa juu ulikuwa bado mweusi na laini, upande wa chini umepasuka mistari mistari. Kwenye injini hizi za K manifodi ya hewa na ya moshi ziko upande mmoja, ya hewa juu ya ile ya moshi, kwa hiyo mpira wowote uliopo pale unaokwa kutoka chini kila siku.

Injini ikiwa kwenye sailensi, kipepeo cha kabureta, kile kisahani kinachofungua njia ya hewa ukikanyaga mafuta, kimefungwa karibu chote huku pistoni zinaendelea kuvuta. Ndani ya manifodi mvuto unakuwa mkali sana, na mwanya mdogo kama wa sindano unatosha kuingiza hewa ambayo kabureta haikuipima. Mafuta yanakuwa machache mno kwa hewa hiyo. Ukikanyaga, kipepeo kinafunguka, mvuto unapungua, na ule mwanya hauna nguvu tena. Ndiyo maana gari yangu ilikuwa inakwenda vizuri barabara ya Moshi na kunitia aibu mjini. Dalili nyingine ilikuwa mbele ya macho yangu na sikuisoma: plagi ya silinda iliyo jirani na kofia iliyopasuka ilikuwa nyeupe kama chaki, wakati zile tatu zina rangi ya kahawia. Kabureta ikikosea, plagi zote nne zinabadilika.

Sasa, usikimbilie kuziba. Fuata kila mpira kwa kidole mpaka mwisho wake. Ule mnene wenye kiungo cha njia moja unakwenda kwenye busta ya breki, inayokusaidia kukanyaga pedali, na ukiuziba pedali inakuwa ngumu kama jiwe siku unayohitaji kusimama haraka. Mwembamba unaokwenda kwenye kile kisahani cha pembeni ya distributa unasogeza taiming, yaani wakati plagi inapotoa cheche. Na ule unaotoka kwenye kifuniko cha valvu unanyonya moshi wa ndani ya injini. Huo ndio unaozibwa sana na mafundi, kwa sababu unaonekana mchafu. Ndugu yangu mmoja mwenye Datsun 1200 alizibiwa wa kwake ili injini "ikae safi". Haukupita muda oili ikaanza kuvuja nyuma ya injini, na kijiti cha kupimia oili kilikuwa kinasukumwa juu. Presha ikikosa njia inatafuta sili.

Kutafuta mwanya si kazi kubwa. Wengi wanapulizia kisafishio cha kabureta kuzunguka manifodi na kusikiliza kama mlio wa injini utabadilika. Inafanya kazi, lakini kwenye K unapulizia kitu kinachowaka juu kabisa ya bomba la moshi, na mimi siwezi kukushauri ufanye hivyo injini ikiwa na moto. Mimi ninabana mpira mmoja mmoja kwa koleo lililozungushiwa kitambaa. Mlio ukibadilika kwenye mpira ambao haupaswi kupitisha chochote, umeupata mwanya. Kwa kofia na vizibo natumia chupa ya kunyunyizia maji, asubuhi injini ikiwa bado ya baridi.

Kuna pia geji ya mvuto, na hapa sisi wa nyanda za juu tuwe waangalifu. Vitabu vinasema injini nzima kwenye sailensi isome inchi 17 hadi 21 za zebaki. Hiyo ni pwani. Kila ukipanda takribani mita 300 inapungua inchi moja, na Arusha tuko karibu mita 1,400. Geji yangu ilisoma 14 baada ya kila kitu kuzibwa sawasawa, na nilipoteza wikendi nzima nikitafuta mwanya ambao haupo. Nilipoishusha Tanga, geji ile ile, injini ile ile, ikasoma 18.

Kwenye kuziba kwenyewe, kofia za mpira ziondoe kwenye hesabu, labda za kukufikisha nyumbani. Silikoni nayo inalainika ikiguswa na petroli, na kipande kikibanduka kinamezwa na injini. Bolti ndani ya mpira ilinidanganya mimi mwenyewe: klipu inabana vizuri, lakini hewa inazunguka ikifuata mfereji wa nyuzi mpaka ndani. Nilimwendea fundi wa kukereza akanitengenezea vijiti viwili vya shaba nyeupe, laini bila nyuzi, vyenye kichwa kipana kuliko kibomba ili visiweze kunyonywa. Nikanunua mpira mpya wa mafuta, nikakata vipande vifupi, klipu pande zote mbili. Klipu ni lazima, maana kabureta ikipiga chafya mara moja tu, kizibo kisichofungwa kinaruka.

Tundu lenye nyuzi lina mtego wake. Magari ya Kijapani ya enzi hizo yana nyuzi za bomba za kipimo cha Kiingereza, BSPT, ambazo kwa ukubwa wa moja ya nane ni nyuzi 28 kwa inchi. Vizibo vya Marekani vya NPT vina 27. Kwa macho ni pacha. Kinaingia mizunguko miwili, kinakaza, unadhani umemaliza, kumbe kinapumua. Muulize muuzaji, na kama hajui, chukua kipimo cha nyuzi. Kizibo kiwe cha shaba, tepu nyeupe ya mafundi bomba ianze uzi wa pili, isiukaribie mdomo wa ndani. Halafu kaza kwa adabu: nyuzi hizi zinanenepa kadiri zinavyoingia, na aluminiamu ya zamani inapasuka bila kukuonya. Tundu langu lilikuwa limeshaharibiwa na ile bolti ya 10, ikabidi manifodi ishuke ichongwe nyuzi za robo inchi. Usikubali mtu aitoboe ikiwa juu ya injini. Chembe za chuma zinaishia kwenye silinda.

Ukishaziba, usishangae gari likianza kutoa moshi mweusi na kunuka petroli. Yale mafuta yote yaliyoongezwa kufidia hewa ya wizi bado yapo. Acha injini ipate moto, shusha sailensi, kisha zungusha skrubu ya mchanganyiko kwenda ndani taratibu mpaka injini ianze kulegea, irudishe mpaka inapozunguka kwa kasi na utulivu zaidi, halafu shusha sailensi tena. Yangu ilikubali kwenye mizunguko kama 750 kwa dakika, na skrubu ilirudi ndani karibu mzunguko mzima na nusu kutoka pale mafundi walipoiacha.