Mwanangu, hiyo ya pedali iache dukani

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika. Picha uliyopiga dukani huko Dallas nimeitazama mpaka dada yako akaninyang'anya simu. Umeniuliza mambo mawili: napata raha gani na magitaa matatu ya kuteleza kwa chuma, yale yanayoitwa steel guitar, ambayo yote nayapigia mapajani, na kama nitafurahi ukija Desemba na hiyo steel guitar ya pedali uliyoiona. La pili nitalijibu mwishoni, maana jibu lake limo ndani ya la kwanza.

Gitaa la kawaida lina vile vyuma vyembamba vilivyopigiliwa shingoni. Ukibonyeza uzi nyuma ya chuma, sauti inatoka pale fundi wa kiwandani alipoipangia. Mwanafunzi wa juzi akibonyeza vizuri atapata noti iliyo sawa. Langu halibonyezwi. Nyuzi zimeinuliwa mbali na shingo, nami nateleza juu yake kwa kipande cha chuma mkono wa kushoto, wa kulia ukicharaza. Vyuma vya shingoni vinabaki kuwa alama za njia tu, na changu lazima kisimame juu ya alama yenyewe, kisipungue wala kisizidi. Kikisogea kidogo tu, sauti imeharibika, na kila aliye sebuleni anasikia. Ulikulia kwenye kwaya, unamjua yule soprano anayeshusha wimbo mzima bila mwenyewe kujua. Kwenye gitaa hili utajua papo hapo.

Watu wanadhani huo ni usumbufu. Kwangu hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu kati ya noti na noti pana nafasi, na mimi ndiye ninayeamua niipite vipi. Naweza kuifikia "mi" kwa chini, polepole, nikaitikisa kidogo ikifika. Naweza kuipita makusudi kisha nikarudi. Wapiga fidla na udi wa taarab hapa Mombasa wanalijua jambo hili tangu zamani. Vyombo vyao havina vyuma shingoni, na ukimsikiliza fundi wa fidla akimjibu mwimbaji utasikia sauti ambazo kinanda cha kanisani hakina mahali pa kuziweka.

Kutuni kwake ni rahisi kuliko unavyofikiri. Chukua gitaa la kawaida, ulegeze nyuzi tatu: ule mnene kuliko wote, unaoufuata, na ule mwembamba kabisa, kila mmoja ushuke sauti moja nzima. Sasa ukizicharaza zote bila kugusa kitu, toka nene hadi nyembamba, unapata so, do, so, do, mi, so. Wimbo umeshaanza kabla hujafanya lolote! Ukiweka chuma alama ya tano una "fa" yako na wenzake wote, ya saba una "so". Nyimbo nyingi za tenzi unazimaliza kwa mahali patatu. Na kwa kuwa nyuzi zimelegezwa, shingo ya gitaa haiteseki. Ubaya wake ni kwamba chuma kilichonyooka kinatoa kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) za furaha tu. Ukitaka ya huzuni itabidi ucharaze nyuzi mbili tu ulizozichagua, au ukilaze chuma mshazari, na huo mshazari ndio umenizeesha.

Kazi nyingine ambayo hakuna anayeisema ni kunyamazisha. Chuma kinapoteleza, nyuzi zote zilizo chini yake zinataka kusema, hata usizozihitaji. Kwa hiyo vidole vya nyuma ya chuma vinalala juu ya nyuzi kuzuia kelele, na kiganja cha kulia kinazima noti iliyokwisha kabla ya nyingine kuanza. Nusu ya kupiga gitaa hili ni kuzima. Ukimsikia mtu analipiga na masikio yanauma, mara nyingi noti zake ziko sawa, ila hajajifunza kuzinyamazisha.

Kuhusu hayo matatu. La kwanza ni lile la marehemu baba yako. Shingo yake ilipinda kwa joto na unyevu wa pwani, nyuzi zikapanda juu hata yeye mwenyewe akashindwa kulibonyeza, likatundikwa ukutani. Gitaa lililopinda hivyo kwa mpigaji wa kawaida limekufa. Kwangu lilikuwa tayari nusu ya safari. Fundi wa gereji alinipa soketi ndefu ya spana, na ndiyo niliyojifunzia. Usicheke, wapo Marekani waliorekodi kwa shingo ya chupa, na wengine kwa kisu.

La pili ni lile lenye sahani ya chuma tumboni, nililouziwa na mwanamuziki wa hoteli aliyekuwa anahama. Ndani yake mna koni ya alumini nyembamba inayofanya kazi ya spika bila umeme. Yalibuniwa California miaka ya 1920, wakati magitaa yalipokuwa yanamezwa na tarumbeta na ngoma za bendi. Kampuni ya National ilianza kuyauza 1927, na ndugu wa ukoo wa Dopyera wakaja na aina yao ya Dobro mwaka uliofuata. Hili ndilo nalipenda kuliko yote. Lina sauti ya puani, kidogo kama ya mtu aliyekasirika, na hewa ya chumvi ya huku inalitesa hivyo nalifuta kwa kitambaa kila nikimaliza.

La tatu ni la umeme, ubao mfupi tu wenye nyuzi sita. Dada yako alipoliona alisema si gitaa. Mwambie kwamba gitaa la umeme la kwanza kuuzwa kwa mafanikio, mwaka 1932, lilikuwa la kulaza mapajani hivi hivi, la alumini, duara na mkono mrefu, hata likaitwa kikaango. Yale mengine ya kusimama nayo jukwaani yalikuja nyuma yake.

Akisema tena ni mambo ya wazungu, mwambie pia kuhusu Joseph Kekuku, kijana wa Laie huko Hawaii, aliyezaliwa 1874. Wengine husimulia kwamba alianza kwa kitana, wengine kisu, wengine bolti. Mwishowe akajitengenezea chuma kwenye karakana ya shule yao Honolulu. Mwaka 1904 akaondoka visiwani kwenda kupiga Marekani, baadaye Ulaya. Weusi wa makanisa ya House of God huko Marekani wanasifu kwa gitaa hili tangu miaka ya 1930, mahali ambapo sisi tungeweka kinanda. Na Nigeria, mwanamuziki King Sunny Adé aliliingiza kwenye jùjú, muziki wa Wayoruba, katikati ya ngoma zinazosema, na likakaa kama limezaliwa Lagos. Mimi mwenyewe nililisikia kwanza redioni, nyuma ya nyimbo za kantri ambazo Kenya nzima ilizipenda, nikidhani ni mtu analia kwa mbali.

Sasa hiyo ya pedali. Ni kazi ya fundi kweli. Ina nyuzi kumi, na chini yake fito zinazovuta nyuzi unapokanyaga. Kwa ile wanayoitumia Nashville, mji wa muziki wa kantri, ukikanyaga pedali mbili za kwanza pamoja, kodi ya E inageuka A bila chuma kusogea hata kidogo. Magoti nayo yana vyuma vyao vya kusukuma, na mguu wa kulia unashika sauti kubwa na ndogo. Mikono miwili, miguu miwili, magoti mawili. Magoti yangu unayajua. Halafu sanduku lake peke yake laweza kula kilo zako zote 23 za ndege.

Lakini hata ningekuwa na magoti ya msichana, nisingeitaka. Pedali inaisogeza noti kwa kiasi kilichopimwa na fundi; mimi napenda kuisogeza mwenyewe, nikose, nisikie, nirekebishe.

Kwa hiyo niletee vitu vidogo: nyuzi nene za gitaa la mapajani, seti tatu, useme ni za kutuni G, ndiyo ile ya so, do, so niliyokueleza, kucha za chuma za vidole viwili na ya plastiki ya gumba, na chuma chenye mifereji ubavuni, maana ile soketi inateleza nikitoka jasho. Hicho chuma kiweke kwenye sanduku kubwa, usikibebe mkononi, watu wa usalama pale uwanjani wasije wakakuchelewesha.

Mama yako