Kinywaji cha usiku wa wachawi: moyo, jicho na ulimi ndani ya gilasi moja

Kila ikikaribia tarehe 31 Oktoba, marafiki wa hapa Leicester na wengine walioko Nairobi na Dar huniletea swali lilelile. Wamealikwa kwenye sherehe ya Halloween, wameambiwa kila mtu aje na kitu cha mezani, nao wanataka kinywaji chenye sura ya kichawi lakini kisicho na pombe. Wengi huishia kununua soda, wakaitia rangi nyeusi ya dukani na kutupia buibui wa plastiki juu yake. Nawaomba waiache njia hiyo. Kinywaji cha namna hii huwa na utamu wake pale kila kilichomo kinapokuwa na sababu ya kuwemo, na mwenyeji akaweza kumsimulia mgeni sababu hiyo huku anammiminia.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kuanza na kisa. Ukishapata kisa, viungo vinakuja vyenyewe.

Kisa ninachokitumia mimi ni cha Pendle, kilima kilichoko Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1612 watu wa vijiji vya pale walishtakiwa kwa uchawi, na 10 wakanyongwa. Mmoja wao alikuwa bibi kizee aliyeitwa Anne Whittle, ambaye majirani walimjua kwa jina la Chattox. Karani wa mahakama, Thomas Potts, aliandika mwenendo wa kesi ile ukachapishwa mwaka 1613, na ndani yake mna jambo ambalo kila nikilisoma hunishika. Chattox alieleza kwamba aliwahi kuitwa na mke wa mtu aje kukitibu kinywaji kilichorogwa. Zama hizo bia nyepesi ilipikwa majumbani na kunywewa kila siku, na ikiharibika watu walikuwa wepesi kuuona mkono wa mtu. Bibi akaenda, akakisomea dua. Dua yenyewe imeandikwa mle: inataja vitu vitatu vinavyouma, moyo, jicho baya na ulimi mbaya. Kisha inaomba kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, na kuagiza sala zisomwe mara tano tano kwa heshima ya majeraha matano ya Yesu.

Mtu wa pwani akisikia habari za jicho na ulimi hahitaji mkalimani. Tumelelewa tukiambiwa tusitaje mambo yetu kabla hayajakamilika, na mtoto mzuri asisifiwe bila mashallah. Nilipoisoma dua ya Chattox niliona kwamba kinywaji chenyewe kimeshajipanga: kitu kimoja kwa ajili ya moyo, kimoja kwa jicho, kimoja kwa ulimi, na namba tano mahali fulani. Mengine ni kazi ya jikoni.

Nianze na ulimi, kwa sababu hapo tuna chetu. Katika vitabu vya mitishamba vya Wicca, dini ya wachawi wa kisasa iliyojitokeza hadharani Uingereza baada ya sheria ya uchawi kufutwa mwaka 1951, karafuu imepewa kazi ya kuwafunga midomo wasengenyaji na kufukuza mabaya. Karafuu! Ile ile inayoanikwa kwenye majamvi kandokando ya barabara za Pemba. Hapa Leicester naipata kwa Wahindi, ambao wengi wao ni familia zilizofukuzwa Uganda mwaka 1972 au zilizohamia kutoka Kenya, na baadhi ya wazee wao ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiswahili na kukuongezea kiganja kimoja juu ya ulichonunua. Usinunue karafuu ya unga. Nunua nzima, yenye kichwa chake. Ibonyeze kwa ukucha: ikiwa hai itatoa mafuta na harufu itapanda puani papo hapo. Au itumbukize kwenye gilasi ya maji. Iliyo nzuri huzama, au husimama wima kichwa juu. Iliyokauka mafuta hulala juu ya maji, na hiyo haifai hata kwa pilau.

Kwa ajili ya jicho nimechagua rangi. Uturuki, Ugiriki na nchi nyingi za kandokando ya Mediterania watu huvaa au hutundika mlangoni shanga ya kioo cha bluu yenye umbo la jicho, ili ilikabili jicho la hasidi. Bluu hiyo naipata katika ua la mtambaa mmoja ambalo Wathai huliita anchan, na kwenye pakiti huandikwa butterfly pea. Ua hili halimo katika uchawi wa Ulaya ya zamani, na mgeni akiuliza nampa ukweli huo. Lina heshima zake kwingine: India, kwa jina la aparajita, hutolewa kwa mungu wa kike Durga, na Thailand hutengenezwa kinywaji baridi chenye ndimu. Linalolifanya lifae usiku huu ni kugeuka rangi. Lina anthosianini, rangi ya asili ambayo huwa bluu katika maji ya kawaida, na ikikutana na tindikali ya limau hugeuka zambarau kisha rangi ya waridi. Ukiona inavyotokea mbele ya macho yako, hata ukijua sababu yake, bado moyo unashtuka kidogo.

Moyo nimeuachia asali na rozimeri. Kwa Waingereza rozimeri ni mmea wa kumbukumbu. Zamani walikuwa wakiibeba harusini na mazikoni pia, wakidondosha tawi kaburini. Na Halloween, chini ya vinyago na peremende zote, ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote ya tarehe 1 Novemba, inayofuatwa na siku ya kuwaombea marehemu tarehe 2. Rozimeri iko nyumbani kwake kabisa.

Ile tano iko ndani ya epo. Wengi tunalikata epo kutoka kikonyo kwenda chini, kwa hiyo hatujawahi kuiona. Lilaze ubavu, likate katikati kwa upana: mbegu zimekaa ndani ya nyota yenye ncha tano. Wachawi wa kisasa wanaipenda sana nyota hiyo, na epo lenyewe lina historia ndefu na usiku huu. Visiwani Uingereza na Ireland vijana walikuwa wakimenya epo kwa ganda moja refu lisilokatika, wakalirusha nyuma ya bega na kusoma herufi ya kwanza ya jina la mchumba katika umbo lake.

Sasa tupike. Shira inafanywa mapema, hata siku moja kabla. Tia katika sufuria ndogo kikombe kimoja cha asali nyepesi ya rangi na kikombe kimoja cha maji, kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu 8, na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba iliyokatwa slesi. Iache ichemke polepole kwa dakika 5. Zima moto, ndipo utie matawi mawili ya rozimeri, funika, ngoja dakika 10, chuja. Rozimeri usiichemshe wala usiisahau mle. Ikikaa sana inaleta uchungu na harufu ya msonobari, na karafuu inapotea kabisa chini yake. Asali nayo iwe nyepesi, kwa sababu nyeusi ya porini, tamu kama ilivyo, itachafua rangi utakayoihangaikia baadaye.

Chai ya bluu ni rahisi. Vijiko viwili vikubwa vya maua makavu, maji ya moto mililita 750, dakika 10, chuja, iache ipoe kisha iingie kwenye friji. Inatosha gilasi sita. Usitie kitu kingine chochote humo. Yenyewe haina ladha ya kusema, ina kijiharufu cha majani tu, na kazi yake ni rangi.

Kupanga gilasi ndiko kunakotaka utulivu. Chini weka vijiko viwili vikubwa vya shira, kijiko kimoja kikubwa cha maji ya limau na mililita 50 za juisi ya epo, koroga. Juisi iwe ile angavu unayoweza kuona upande wa pili. Ile ya kahawia isiyochujwa ni tamu zaidi, lakini ikikutana na bluu inatoa rangi ya matope. Jaza barafu mpaka juu. Hii barafu ina kazi yake: inapunguza kasi. Halafu geuza kijiko mgongo juu, kiguse kwenye barafu, mimina chai ya bluu juu ya mgongo wa kijiko taratibu, mililita 120 hivi. Shira ni nzito, inabaki chini. Bluu inakaa juu. Katikati, zinapokutana, unaona uzi wa zambarau unateremka na kutanda. Mpe mgeni gilasi ikiwa bado haijakorogwa, pamoja na kijiti cha mdalasini akoroge mwenyewe, na wakati anakoroga ndio wakati wa kumsimulia Chattox. Juu weka slesi nyembamba ya epo yenye nyota. Toa mbegu, nyota itaonekana vizuri zaidi, na uipitishe kwenye limau isigeuke kahawia.

Watu hutaka moshi, na wengi hukimbilia barafu kavu. Nakusihi uiache. Iko kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri, na kipande kikimezwa kinaunguza koo na tumbo. Sisi tuna moshi wetu. Nyumbani mtungi wa maji ulikuwa ukifukizwa ubani kabla ya kujazwa, na maji yale yalikuwa na ubaridi na harufu ambayo friji haijawahi kunipa. Washa kaa moja kwenye chetezo, nje au dirisha likiwa wazi kabisa, tia punje mbili za ubani, na ushike gilasi tupu kichwa chini juu ya moshi, mbali na kaa lenyewe, isije ikapasuka. Ikishajaa weupe ilaze kichwa chini kwenye sahani, uigeuze mgeni anapofika. Kama kuna mwenye pumu, acha moshi kabisa. Kinywaji kinajitosha.

Kuhusu usichotia, hapa nitakuwa mkali. Hadithi za wachawi wa Ulaya zimejaa beladona, akoniti na dijitali (ua ambalo Waingereza huliita foxglove), na picha zake zinavutia. Hii ni mimea ya sumu. Dijitali inagusa mapigo ya moyo, beladona ina atropini, na hakuna kiasi cha mapambo ambacho ni salama, hata ua moja kuelea juu ya gilasi. Vivyo hivyo mnanaha wetu unaoota majalalani. Mafuta ya harufu ya chupa ndogo, hata yakiwa ya rozimeri au karafuu, hayanywewi. Mkaa wa unga wanaotia watu ili kinywaji kiwe cheusi hunyonya dawa tumboni, kwa hiyo mgeni anayemeza vidonge vyake kila siku anaweza kukosa faida yake bila kujua. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali, kwa hiyo hata kumwonjesha tone usimwonjeshe. Na mama mjamzito mpe juisi ya epo yenye limau na tangawizi, bila maua, mpaka amuulize daktari wake.

Nimeulizwa pia kama mtu anaweza kuandika maneno kwa zafarani kwenye sahani na kuyaosha kwa maji ya waridi, ili kinywaji kiwe na uzito zaidi. Hilo ni kombe, maji ya aya za Kurani anayonyweshwa mgonjwa. Ni dawa na ni ibada, watu wanalinywa wakiwa na wagonjwa wao na machozi yao. Halina nafasi kwenye meza ya sherehe.

Na mezani usiweke kinyago cha bibi kizee mwenye pua ndefu. Chattox alikuwa bibi kizee wa kweli, aliyeishi kwa kuomba na kutibu, akanyongwa. Kwetu Usukumani kuna vikongwe waliouawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, nao wekundu ule waliupata kwenye moshi wa kupikia kwa miaka yote waliyolisha familia zao. Shangazi au mama mkwe akija akakuta kinyago kile pembeni ya gilasi zako, atakuwa na haki ya kuumia. Mwambie kwa unyenyekevu, kabla hajakaa: “Shikamoo mama, hiki ni kinywaji cha majani na asali, hakina kileo, nimekifanya kumkumbuka bibi aliyeonewa.” Mimi nimewaona wakikaa, wakauliza habari zake, na wakaomba ya pili.

Shira itabaki. Inakaa kwenye friji wiki mbili ndani ya chupa safi, na inafaa sana kwenye chai ya rangi ya asubuhi, kijiko kimoja tu badala ya sukari. Chai ya bluu haivumilii hivyo: imalize ndani ya siku mbili.