Kaa huko kwanza: jibu langu kwa binti yangu

Marahaba mama. Voisi yako ya Jumapili nimeisikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa mwaloni Kirumba namsubiri mtu wa injini, nikaona hili swali siliwezi kwa voisi, mi nikishika simu nakuwa na haraka. Umeuliza hivi: umepata kazi pale Esbjerg, Denmark, kuhudumia mitambo ya upepo iliyosimikwa baharini, mkataba miaka mitatu, na wakati huohuo kuna watu hapa Mwanza wanataka urudi uwafungie sola, sasa ukae au urudi, na huo ufundi wa upepo wa baharini utakuja kuufanyia nini kwenye ziwa ambalo halina hata mtambo mmoja.

Kaa. Nimeanza na hilo ili usisome barua yote roho juu.

Na nisikufiche, naogopa. Mi nimefanya kazi juu ya maji maisha yangu yote, 1996 MV Bukoba ilipozama nilikuwa kijana na nilisimama ufukweni na wenzangu, sitaki hata kuandika tuliyoyaona. Kwa hiyo ile video uliyotuma, boti inaegemeza pua kwenye nguzo ya mtambo afu fundi anasubiri wimbi limpandishe ndo avuke kushika ngazi, mi nimeitazama kwa macho ya mtu aliyeruka sana kutoka kwenye mtumbwi kwenda melini. Usivuke boti ikiwa inashuka. Subiri ipande mpaka juu kabisa, pale inapotulia kidogo, hapo ndo unavuka, na mikono yote miwili iwe mitupu. Najua mtafundishwa, mpaka kutoka ndani ya helikopta iliyopinduka majini mtafundishwa, ila sikia na kwangu.

Sasa kwa nini nasema ukae. Sikuhesabu mshahara. Mwaka juzi niliitwa kisiwa kimoja huku kwetu kuangalia injini ya boti ya zahanati, nesi akaniambia baba na sola nayo imekufa tuangalizie, friji ya chanjo imezima miezi. Nikapanda. Paneli nzima, waya mzima, betri mbili kubwa za maana kabisa zimekaa chini, terminali moja imeota unga wa kijani na nyeupe mpaka waya umejitenga na kichwa chake. Nikachemsha maji nikamwagia, nikasugua na brashi ya waya, nikakaza, nikapaka grisi. Betri moja ikaamka, nyingine ilishakauka maji siku nyingi. Kilichoniuma ni kwamba waliofunga walifanya kazi nzuri, walipiga picha wakaondoka, hakuna mtu hata mmoja pale kisiwani aliyeonyeshwa kuongeza maji kwenye betri. Wa kufunga tunao mama, tena wengi. Wa kutunza ndo hatuna, na wale ambao huko mnawaita mafundi wa huduma ndo hao haswa.

Hebu angalia hao Wadenmaki. Ule mradi wao wa kwanza wa baharini, Vindeby, uliwashwa 1991, mitambo 11 tu, kilowati 450 kila mmoja, yote ukijumlisha haifiki megawati 5. Watu wangeweza kusema huo ni mchezo. Wakautunza mpaka 2017 ndo wakaung'oa, na katika hiyo miaka zaidi ya 25 watu wakajifunza chumvi inakula nini, bolti ipi inalegea, kebo inachakaa wapi. Leo Hornsea 2 kule Uingereza ina mitambo 165, zaidi ya megawati 1,300. Katikati ya 5 na 1,300 kuna watu wa grisi na spana, na hao hawaonekani kwenye picha za ufunguzi.

Kuhusu ziwa letu, nimekaa nalifikiria sana hili. Kina si tatizo, maana Victoria penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80 na sehemu kubwa ni nusu ya hapo, na nguzo tumeona zimesimama ndani ya maji pale Kigongo–Busisi, daraja kilomita 3. Kazi ni kufikisha vitu. Zile meli za huko zinazosimama kwa miguu na kunyanyua mtambo haziwezi kuingia huku, ziwa halina mlango wa bahari. MV Victoria yenyewe ilijengwa Uskochi ikafunguliwa, ikaja kwa treni vipande vipande mpaka Kisumu ndo ikaungwa upya. Panga moja la mtambo, lile linalozungushwa na upepo, la mita 81, utalikata vipande vingapi? Afu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa yetu nyepesi, upepo uleule unasukuma kidogo kuliko Esbjerg. Na wale wadudu wanaoinuka ziwani kama moshi, unakumbuka ukiwa mdogo tulikuwa tunafunga madirisha, wakigandamana kwenye ncha ya panga nao wanapunguza umeme. Radi ndo usiseme, za huku unazijua.

Kubwa kuliko yote ni upepo wenyewe. Ulinifundisha wewe kwamba upepo ukiongezeka mara mbili nguvu inaongezeka mara nane, nikashangaa wiki nzima. Maana yake ni kwamba ukikosea kidogo tu kupima umekosea sana. Upepo wetu unageukageuka, usiku unatoka nchi kavu unaingia ziwani, mchana unarudi, sio ule wa Bahari ya Kaskazini unaosukuma mchana na usiku. Kwa hiyo ukipata nafasi ya kukaa na wale wanaopima, wenye milingoti na maboya, kaa nao, uliza mpaka wakuchoke. Mtu akija hapa siku moja na karatasi nzuri anataka kusimika mitambo Ukerewe, nataka awepo mtu wetu wa kumuuliza umepima wapi, urefu gani, miezi mingapi.

Na uliza habari ya laini ya umeme pia. Kule Turkana, kwa majirani zetu Kenya, walisimika mitambo 365, megawati 310, ikakaa zaidi ya mwaka imesimama kwenye upepo mkali inasubiri laini ya zaidi ya kilomita 400.

Kitu kingine, jua wanavyokaa na wavuvi wao. Kebo ikipita chini ya maji nani anaambiwa, nyavu ikinasa nani analipa, boti ya uvuvi inaruhusiwa kusogea mpaka wapi. Hapa usiku wa giza ukisimama Igombe unaona taa za dagaa zimetanda kama mji, zamani karabai saivi nyingi za betri na sola, kila taa pale ni ada ya mtoto wa mtu. Hao ndo wa kwanza kuulizwa, sio wa mwisho. Ukute huko wana utaratibu mzuri, au walikosea wakajirekebisha, yote mawili niandikie.

Wale wa sola nimeongea nao. Nimewaambia mwanangu anarudi baada ya miaka mitatu, wakitaka waanze na kijana wa jirani yetu aliyemaliza VETA, mi nitamsimamia kwenye betri. Wamekubali aanze mwezi ujao.

Nunua daftari gumu, la karatasi, simu ikiingia maji imeondoka na kila kitu. Mama yako anauliza hiyo suti ya kuokolea wamekupa saizi yako au ni ya wanaume, anasema ikikupwaya shingoni maji yanaingia. Mjibu leo, hajalala vizuri.

Baba yako