Kibodi mpya inakuchanganya? Kabla hujairudisha dukani soma hii

Juzi dada mmoja wa Iringa, yuko Kihesa, kanitumia meseji saa tano usiku: "Kaka shikamoo, nimenunua kibodi ya kuchomeka, nikitafuta @ pale kwenye mbili inatoka alama ya nukuu, nimeuziwa feki?" Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikakata, maana mimi kwa jambo la aina hiyo niligombana na mama wa watu pale Mwanjelwa, Mbeya, mbele ya wateja wake.

Ya huyo dada ni rahisi. Windows yake imewekwa kibodi ya Uingereza wakati aliyonunua ni ya Marekani, na hizo mbili @ na nukuu zimebadilishana nafasi. Aingie kwenye mipangilio ya lugha achague Kiingereza cha Marekani, kwisha. Yangu sasa ndo ilikuwa kesi.

Nina steshenari ndogo Uyole, na wewe unayesoma hapa najua au unayo au unaiota. Juni mwaka juzi, lile baridi letu la kukumbatia kikombe kwa mikono miwili, nikaimwagia laptop yangu chai ya tangawizi. Ikapona yote isipokuwa kitufe cha A. Hebu jaribu kuandika Kiswahili bila A uone, hata "samahani" huwezi. Nikashusha SharpKeys, programu ya bure, nikaigeuza Caps Lock iwe A, nikawasha mashine upya, maisha yakaendelea. Mwaka mzima kidole changu cha kushoto kinakimbilia Caps Lock mpaka nikasahau kama niliweka kitu, maana SharpKeys ikishaandika kwenye rejista ya Windows, pale Windows inapotunza mipangilio yake, yenyewe haina haja ya kuwaka tena, huioni popote.

Hela ilipopatikana nikanunua kibodi ya USB Mwanjelwa. A inafanya kazi, raha. Ila Caps Lock yake nayo inaandika A! Badala ya kujiuliza kwa nini nikajifanya mjuzi nikaweka PowerToys ya Microsoft, programu nyingine inayoweza kubadilisha kazi za vitufe, ili nirudishe Caps Lock. Inakwambia bonyeza kitufe unachotaka kubadilisha, nikabonyeza Caps Lock, sikuangalia kwamba yenyewe imesoma A, kwenye upande wa pili nikachagua Caps Lock, ikaniletea onyo kwamba A itabaki haina kazi, nikapiga endelea. Nani anasoma maonyo? Nikajaribu Caps Lock, ikawaka taa, nikajipongeza.

Akaja mwanafunzi na ripoti ya fildi, kesho yake anakabidhi. Nikaandika "mradi wa kilimo cha viazi" macho yapo kwenye karatasi, nikiinua kichwa kwenye kioo kuna hiki: mrDI W kilimo ch VIzi. Kijana kaangalia kioo, kaniangalia mimi, kachukua karatasi zake akaenda duka la jirani. Mpaka leo ile inaniuma.

Nikaibeba kibodi mpaka Mwanjelwa, nikasema maneno ambayo siyaandiki hapa. Yule mama hakujibu, akaichomeka kwenye kompyuta yake, akaandika jina langu taratibu, herufi zote zipo. Na fundi mmoja alishanila elfu 30 akisema ni ubao mama (motherboard).

Nilichokuja kugundua ni hivi. Paswedi yangu ina A mbili. Pale mwanzo mashine inapowaka inakubali, nikifika kwenye barua pepe inakataa. Nilidhani nimedukuliwa! Kumbe PowerToys haifanyi kazi kwenye skrini ya kuingilia, inaanza ukishaingia ndani, lakini ya SharpKeys iko chini kabisa, ipo hata pale. Yaani SharpKeys inaigeuza Caps Lock kuwa A kwanza, PowerToys inapokea hiyo A inaigeuza kuwa Caps Lock, na A ya kweli nayo inaingia kwenye mtego huohuo. Na zote mbili hazijui kibodi ipi ni ipi, unachobadilisha kwa ajili ya laptop kinaikamata na ya nje. Wenzetu wa Mac wana Karabiner-Elements, ile unachagua iguse kibodi gani na iache gani, sisi tuvumilie.

Kwa hiyo wewe ukikwama, usianze na fundi. Chomeka kibodi kwenye mashine ya mtu mwingine, dakika moja tu. Ikiwa nzima huko, zima PowerToys kabisa pale chini kulia karibu na saa, ujaribu. Mimi A ilirudi palepale. Kilichobaki kimekaa kwenye rejista, fungua SharpKeys, futa mstari wako, andika kwenye rejista, washa upya. Na uwe na programu moja, moja tu jamani! Vijana tunapenda kupachika programu juu ya programu kama viraka vya suruali, halafu tunalaumu muuzaji. Soma maonyo. Zima, jaribu, ndo ulalamike.

Nilirudi kwa yule mama na mkungu wa ndizi kuomba radhi. Akasema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akapokea. Ila siku hizi hata nikienda kununua mausi tu, kabla hajanipa chenji ananiuliza kwa sauti duka zima lisikie: "Programu zako umezima, mwanangu?"