Uliza Ujibiwe: Sigaa za bei ya chini tuzipimeje?

Maswali ya mwezi huu karibu yote ni ya sigaa, yaani zile nene za majani matupu, sio fegi za pakiti. Nimechukua manne. Na kama hujafika miaka 18 ukurasa huu sio wako, ruka.

*Salaam. Tuko marafiki watano tunakutana Jumamosi usiku hapa Kizingo, Mombasa, kila mtu na sigaa yake. Tukianza kubishana ipi nzuri kila siku anashinda aliyenunua ya bei kubwa. Tunataka kuzipima za bei ya chini kwa haki, tufanyeje?* – Msomaji, Kizingo

Waaleikum salaam kaka. Adui yenu ni ile pete ya karatasi yenye jina iliyozunguka sigaa, mtu akishaliona jina ulimi wake ushaamua. Toeni pete zote, mtu asiyevuta azipe namba na majina ayafiche mpaka mwisho. Na kila aina mnunue zaidi ya moja manake sigaa zinazosokotwa kwa mkono hazitoki sawa, moja ikikaza moshi haina maana zote mbovu.

Kabla ya kiberiti kuna kazi ya vidole na pua, na sigaa ya bei ya chini hapo ndio hujiumbua. Ibonyeze taratibu kwa vidole viwili toka kichwani mpaka kule unakowashia, inatakiwa ibonyee kidogo kisha irudi. Ukikuta pahali palegevu, tumbaku imepungua na hapo itawaka kwa joto kali, ukikuta fundo gumu basi moshi utakwama hapo hapo. Itie karibu na sikio ukiibonyeza, ikilia kama jani kavu ishakauka hiyo. Angalia jani la juu nalo: jani la kweli lina mishipa hata kama ni myembamba, likiwa sawa kabisa kila pahali kama karatasi ya kaki ujue ni tumbaku iliyosagwa ikatandazwa na mashine. Sio kosa, lakini msiipime meza moja na ya mkono. Halafu nusa upande wa kuwashia. Ikikupiga harufu ya mkojo wa paka (na watu wa Mji wa Kale hatuna haja ya kuelezwa) hiyo ni amonia, tumbaku haikuvundikwa vya kutosha. Iweke miezi kadhaa, saa zingine inatulia.

Sasa ndani. Majani marefu yaliyolala toka mwanzo mpaka mwisho huwaka polepole na jivu lake hushika, vipande vilivyokatwakatwa huwaka haraka, vina joto, na jivu linakumwagikia kanzuni. Kuna sigaa ya Cuba ya bei ya chini, José L. Piedra, inasokotwa kwa mkono lakini ndani ni vipande na sanduku lenyewe limeandikwa tripa corta, yaani ujazo mfupi, haikudanganyi, na mimi naiheshimu kwa hilo. Lakini pesa yangu mwenyewe naipeleka Nicaragua au Honduras, zile za miji ya Estelí na Danlí zinazouzwa kwa fungu bila sanduku la mbao, huko unapata majani marefu kwa bei ya kueleweka, manake sanduku la kupendeza nani unadhani analilipia?

Mkishawasha, mvuto mmoja kwa dakika unatosha. Ukiivuta mbio mbio inapata joto inakuwa chungu kisha wewe unailaumu tumbaku. Toeni maksi mara tatu, mwanzo, kati na mwisho, za bei ya chini nyingi huanza tamu zikifika kati zinakuwa kamba tupu. Mimi kwa bei hii uwakaji naupa maksi nyingi kuliko ladha, sigaa inayowaka upande mmoja na kuzima kila saa hata ikinukia kakao sina haja nayo. Na kahawa tungu isubiri, ile tangawizi inafunika kila kitu, wakati wa kupima ni maji peke yake. Biriani pia muile baadaye, hebu.

*Kuna kijana ufuoni Bamburi ananiuzia sanduku la Cohiba, kifuniko cha kioo, nusu ya nusu ya bei. Anasema mjomba wake ni baharia. Nichukue?* – Mwenye tamaa, Bamburi

Usichukue. Cohiba ya kweli, ile sigaa ghali ya Cuba, haiuzwi kwenye sanduku la kioo, hapo hapo mjadala umeisha, na huyo mjomba baharia kila fuo duniani anaye. Sanduku halisi la Cuba ligeuze chini utaona maneno yaliyochomwa kwenye mbao, Habanos s.a. (kampuni inayouza sigaa za Cuba), Hecho en Cuba (imetengenezwa Cuba), Totalmente a mano (kwa mkono kabisa), na kando yake muhuri wa kiwanda na mwezi na mwaka. Hayo nayo yanaigwa siku hizi, kwa hiyo yakiwepo usishangilie, lakini yasipokuwepo kimbia.

*Nimeweka sigaa zangu kwenye kabati, baada ya mvua za masika nimekuta vidoa vyeupe kwa juu na mbili zina vitundu vidogo kama vya sindano. Mwenzangu anasema vyeupe ni mafuta ya tumbaku, ni dalili ya ubora. Kweli?* – Msomaji, Mji wa Kale

Dada au kaka, hujasema, mwenzako anakufariji tu. Karibu kila kinachoitwa mafuta ni ukungu. Ukiwa juu ya jani peke yake futa kwa kitambaa kikavu uendelee, lakini ukiuona kule mdomo wa kuwashia basi ushaingia ndani, tupa.

Hivyo vitundu ni habari nyingine. Huyo ni fukusi wa tumbaku, Lasioderma serricorne, mdudu mdogo wa kahawia, ndiye huyo huyo anayeingia kwenye pilipili na bizari jikoni. Mayai yanakuja tayari ndani ya jani, na joto likipita nyuzi 24 hivi yanaanguliwa, sasa niambie Mombasa lini iko chini ya 24 ndani ya kabati! Zenye vitundu tupa. Zilizobaki tia kwenye mfuko usiopitisha hewa, mfuko mwingine juu yake, ziingie friza siku tatu nne, kisha chini kwenye friji siku nzima, ndio uzitoe nje. Usiruke hiyo hatua ya friji, ukizitoa kwenye barafu moja kwa moja mpaka kwenye joto letu jani la juu linapasuka.

Watu wanasoma kwenye mitandao ya wazungu jinsi ya kuongeza unyevu, sponji, maji, sijui nini, wakati sisi shida yetu ni kuupunguza. Sigaa inataka unyevu wa 65 mpaka 70 kwa mia na hewa ya pwani mara nyingi iko juu ya hapo. Chukua kopo la plastiki linalofunga kisawasawa, tia pakiti ya kudhibiti unyevu kama Boveda ya 65, na kipima unyevu kidogo. Kukihakikisha hicho kipima, tia chumvi kwenye kifuniko cha chupa, iloweshe iwe kama uji mzito, ukifungie pamoja na kipima ndani ya mfuko mpaka asubuhi. Lazima kisome 75, kikisoma 70 ujue kinapunguza 5. Na dukani pia tazama zimekaa wapi, zile zilizo uchi mbele ya AC siku nzima zishakuwa kuni hata kama ni za bei ghali, afadhali ya bei ya chini iliyotunzwa.

*Sigaa nyeusi ndio kali zaidi? Na kwa kuwa moshi haumezwi, si haina madhara?* – Msomaji, Likoni

La kwanza hapana. Weusi wa jani la juu mara nyingi unatokana na kuvundikwa sana na huleta utamu, ukali unatoka ndani, kwenye jani la ligero linalochumwa juu ya mche ambako jua linapiga zaidi.

La pili hapana pia tena kubwa. Kutomeza moshi hakuokoi mdomo, ulimi wala koo, saratani za huko zinawapata wavuta sigaa, na sigaa moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku ya pakiti nzima ya fegi. Kama huvuti usianze kwa sababu ya ukurasa huu, na kama unavuta usivutie sebuleni na watoto wamekaa.