Jibu: Je, ultrasaundi huonyesha neva zilizoathiriwa na kisukari?

Ndugu, umeuliza kama ultrasaundi yaweza kuthibitisha kwamba ganzi ya miguu inatokana na kisukari. Inasaidia, lakini peke yake haitoshi.

Tumia probu bapa (kifaa cha ultrasaundi kinachowekwa juu ya ngozi) ya megahezi 12 hadi 18. Ile ya tumbo haifai, neva haitaonekana vizuri. Tafuta neva ya tibia upande wa ndani wa kifundo cha mguu, nyuma kidogo ya ateri (washa Dopla, inayoonyesha mtiririko wa damu, uione ateri kwanza). Kisha panda sentimita 3 hivi juu ya kifundo ndipo upime, maana pale chini neva huweza kuvimba kwa kubanwa tu. Zungushia alama ndani ya ukingo mweupe, si nje yake, upate eneo la neva iliyokatwa kimkingamo, kwa milimita za mraba. Pima mara 3, chukua wastani.

Makosa mengi hutokana na mkono: probu ikiinama neva huwa nyeusi, na ukikandamiza inabonyea.

Neva ya kisukari mara nyingi hunenepa. Ila nyuzi ndogo za neva zinazoleta hisia ya kuungua hazionekani humo, kwa hiyo pima pia hisia ya kuchomwa na pini na ya joto na baridi. Wala usiache uzi wa gramu 10 (wa kugusia ngozi ya mguu) na uma wa mtetemo wa hezi 128, ambavyo hupima nyuzi kubwa.